Imebaki Vifungo Tu

Jumanne, 4 Machi

Kibonge ana jino! Moja, la chini, limechomoza kama punje ya mchele. Sikuliona — nililisikia. Nilikuwa namnyonyesha dukani huku mkono mwingine unageuza kola za sare za shule, mara kwaa! Nikaruka, mkasi ukaanguka, kola zikatawanyika sakafuni. Mama akacheka mpaka akajishika tumbo na kuinamia cherehani. Nami nikacheka. Mtoto naye akacheka, mkosaji mwenyewe.

Kumbe Mama hakuwa anajishika kwa kicheko.

"Gesi tu," alisema nilipomwuliza. Akaendelea kushona. Lakini mguu ulikuwa unakanyaga, unapumzika, unakanyaga. Mimi nimekulia chini ya ile cherehani, mdundo wake naujua kuliko nyimbo za redioni. Leo ulikuwa unachechemea.

Nimeanza tena kuandika. Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Mbele kuna viuno na mabega ya watu. Nyuma niko mimi.

Jumatano, 5 Machi

Hospitalini. Naandikia pajani.

Asubuhi Mama alitapika mara tatu kabla sijainjika chai. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye tanuri la mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Akamtazama mkwe wake mara moja tu, akasema twende. Mama akabisha. Eti ana sare kumi na mbili hazijaisha. Eti ana suti ya Mwalimu Mkuu. Eti gesi haijawahi kumwua fundi. Mume wangu akambeba! Na Mama si mwepesi, tuseme ukweli.

"Nishushe wewe, utavunjika kiuno!"

"Nikivunjika tutalazwa wote, Mama. Nitakuwa kitanda cha pili."

Daktari wa wodi ni mwanamke mfupi, sauti ya chini utadhani kuna mtoto amelala karibu. Nimempa jina la Mpole. Akamwuliza Mama aliwahi kuugua nini, na hapo ndipo mambo yalipofumuka. Mwaka juzi damu iliganda mguuni, mguu ukavimba kama gogo, akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande tena. Avimeze kila siku. Je, anavimeza?

Mama akatazama dari. Mimi nikamtazama Mama.

Mwezi wa kumi na mbili aling'olewa jino. Akaambiwa asimamishe vidonge siku chache, kisha aendelee. Akasimamisha. Leo ni Machi!

"Zile siku chache bado hazijaisha?" Mpole akauliza taratibu.

"Nilikuwa nakaribia kuanza, daktari. Kweli tena. Wiki hii hii."

Na vidonge viko wapi? Kwenye kopo la vifungo. Nimekwenda dukani kuvichukua — vimo kweli, vyeupe, vya mviringo, katikati ya vifungo vyeupe vya mviringo. Sijui ni vingapi ameshamshonea mtu kwenye shati. (Nacheka peke yangu hapa kwenye korido. Bora nicheke.)

Alhamisi, 6 Machi

Wamempiga picha kwa ile mashine ya kuingizwa kwenye tundu. Mama kasema ni kama kulala ndani ya tairi.

Kuna daktari wa pili sasa, wa upasuaji. Mrefu, miwani mizito. Kwa hiyo ni Miwani. Yeye na Mpole wanavutana — kwa adabu, lakini wanavutana.

Miwani katuchorea kwenye karatasi. Utumbo, na mishipa ya damu kama mizizi. Huku damu inaingia, huku inatoka. Wanashuku kwamba inapotokea pameziba, damu imeganda tena, safari hii tumboni. Utumbo usipopata damu vizuri unaanza kufa kipande kwa kipande. Wanashuku tu. Picha inaonyesha uvimbe. Kama kuna kipande kimeshakufa, haisemi.

Miwani anataka ampasue aone kwa macho yake. Kilichokufa kikatwe, kizima kiunganishwe. Na huenda akaamka na mfuko ubavuni wa kutolea choo, pengine kwa muda, pengine maisha. Utumbo ukifa hausubiri mtu, kasema.

Mpole anasema tusikimbilie kisu. Presha ya Mama inapanda na kushuka, moyo umechoka, na nusu kaputi yenyewe inaweza kumshinda. Apewe dawa ya damu kwa dripu, maji, dawa za kuua vijidudu. Asile kitu, utumbo upumzike. Aangaliwe kila baada ya saa chache. Wapo wengi waliopona hivyo bila kukatwa hata ukucha.

Wote wawili wanasema kweli! Hilo ndilo linalonichosha. Laiti mmoja angekuwa mjinga.

Wamepatana dawa kwanza, kwa sharti. Mpole akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika Mama mkono. Akamwambia ugonjwa huu una ujanja. Unaweza kuligusa tumbo ukalikuta laini, kumbe ndani kunawaka moto. Mikono ya daktari inadanganyika. "Kwa hiyo nategemea mdomo wako, Mama. Kila siku utanipa namba. Sifuri, huumwi. Kumi, unaona kaburi. Namba ikipanda, au ikikataa kushuka, nitamwachia mwenzangu."

"Sasa hivi ngapi?"

Mama akafikiri. Akakunja uso kidogo, akatazama pembeni, kama mteja amemwuliza nguo itatoka lini.

"Sita."

Walipotoka akaninong'oneza. Miaka thelathini nakata vitambaa vya watu, kasema. Mkasi ukishapita umepita, hata umlilie. Mwambie yule wa miwani mimi si jora la kitambaa.

Kaka Mkubwa kapiga simu kutoka huko wanakojenga barabara. Anapiga kelele kama niko ng'ambo ya mto. Asikatwe mtu mpaka yeye afike! Utafika lini, Kaka? Ah, anaomba ruhusa.

Ijumaa, 7 Machi

NNE! Jana sita, leo nne! Nimemkumbatia Mpole. Maskini, alikuwa ameshika sindano.

Nimekuja mbio kutoka nyumbani, kifua kimejaa maziwa mpaka kinauma. Mume wangu akitoka kazini analala mchana na Kibonge juu ya kifua chake. Nimewaacha wanakoroma kwa zamu.

Jana naye alitia fora. Kaja wodini na mkate wa moto kwapani, kajivika shati safi. Harufu ikajaa wodi nzima, wagonjwa wote wakageuza shingo. Sista akamkimbilia. "Wewe kaka! Huyu hali kitu!" Akatolewa na mkate wake kama mwizi. Mama kasema amwachie walau auangalie. Yaani huyo ndiye anayeumwa!

Saa za kutazama wagonjwa kaja Mwalimu Mkuu. Alinifundisha mpaka nilipoachia kidato cha pili, na hadi leo nikimwona naficha kucha. Anastaafu mwisho wa mwezi. Suti ni ya siku ya kuagwa. Kaleta maua ya bustani ya shule, kampa Mama pole, katikisa kichwa kwa huruma, kama dakika mbili hivi. Halafu akakohoa.

"Na lile koti, Fundi?"

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Imebaki vifungo tu."

"Vifungo."

"Vifungo tu."

Mwalimu hakuaga. Akavuta kiti, akakaa. Anamjua Mama! Wateja wake wakongwe wote wanajua: ukiambiwa imebaki vifungo, usirudi nyumbani. Kaa kwenye lile benchi la mlangoni mpaka uione nguo kwa macho yako. Limekaliwa na watu wengi mpaka limeng'aa kama limepakwa vanishi. Lakini wodini utakaa mpaka lini? Sista akapita na kengele, muda umekwisha. Mwalimu akaondoka anageuka geuka nyuma.

Tukacheka, mimi na Mama. Yeye alicheka kwa mdomo tu, bila mabega. Nikadhani ni ile mipira ya dripu inamzuia.

Jumamosi, 8 Machi

Mbili!!

Nimeziandika kwenye kiganja kwa kalamu: 6, 4, 2. Nikamwonyesha Kibonge, akailamba ile mbili.

Miwani peke yake ndiye hacheki. Kasema mapigo ya moyo yanakimbia. Joto limepanda kidogo. Kuna kipimo cha damu hakimpendezi. Mpole kasema vipimo wakati mwingine vinachelewa, mgonjwa anatangulia kupona. Wakatazamana. Kisha — wakanigeukia mimi!

"Wewe ndiye uko naye kutwa," Miwani kaniambia. "Unamwonaje?"

Mimi! Wa kidato cha pili. Nikajiweka sawa, nikasema anaendelea vizuri. Nikasema jana kacheka na mgeni. Nikasema ananifukuza niende nikamnyonyeshe mtoto, na mtu mwenye maumivu hawezi kukumbuka maziwa ya mwenzake. Miwani akaandika. Wakaamua dawa ziendelee, kisu kisubiri. Kesho ikiwa moja, vijiko viwili vya uji.

Nimetoka pale natembea kama nimevaa viatu vya kisigino.

Kitu kimoja cha kuchekesha. Shuka la Mama, ule upande wa ukutani. Limekunjwa kunjwa marinda. Madogo madogo, sawasawa kabisa, kama ya sketi ya shule, kutoka kwenye mto wa kichwa mpaka magotini. Vidole vyake haviwezi kukaa bure. Nikamwambia Mama umeanza kumshonea nani sketi? Kasema mikono imekumbuka kazi.

Nimepata wazo. Kesho kabla ya kwenda hospitali napita dukani, namalizia lile koti la Mwalimu mwenyewe. Vifungo vitano vya mbele, vitatu vitatu vya mikononi, naviweza nikiwa nimefumba macho. Mama atafurahi! Nitamwambia akishakula uji wake.

Jumapili, 9 Machi

Dukani. Saa tatu asubuhi. Naandika upesi.

Nimetafuta lile koti. Kwenye hanga hamna. Kwenye sanamu hamna. Chini ya sare hamna. Nimetoa kila kitu kwenye rafu, Kibonge kaketi katikati anatafuna futi ya kupimia.

Kitambaa kiko rafu ya juu. Kizima. Kimefungwa kamba ya duka kilikonunuliwa, karatasi yake bado imebandikwa. Hakijakatwa. Hakijaguswa hata na chaki!

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikasema Mama wewe! Vifungo tu!

Halafu nikayarudia maneno yake.

Imebaki vifungo tu. Nilikuwa nakaribia kuanza. Siku chache. Huyo ndiye mtu tuliyempa kazi ya kutuambia ukweli! Sita, nne, mbili. Zimeshuka vizuri mno. Zimeachana sawasawa, kama matundu ya vifungo. Maumivu gani yanashuka kwa futi?

Yale marinda. Mikono haikukumbuka kazi. Alikuwa anafinya.

Na mimi ndiye niliyesema anaendelea vizuri. Nilisimama pale kama bibi afya.

Nakwenda.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Niandike yote kwa mpangilio. Nina muda, wameniambia nina muda.

Nilikimbia na Kibonge mgongoni. Mlinzi akasema watoto hawaingii. Nikamwambia shika wewe basi, nikamkabidhi. Akabaki amemshika kwa mikono miwili mbele yake kama ndoo imejaa. Baadaye mume wangu kaja kumchukua, kakuta Kibonge kavaa kofia ya mlinzi.

Mama alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Vidole vinakwenda kwenye shuka. Aliposikia hatua zangu vikaacha. Akageuka, akatabasamu!

"Moja," akasema. "Leo nakula uji."

"Mama, nimetoka dukani."

Tabasamu likabaki pale mdomoni, lakini macho yakaondoka.

"Nimekiona kitambaa."

"Nilitaka kukikata Jumanne," akasema. "Kweli kabisa. Chaki nilishaishika."

Nikapiga magoti, uso wangu na wake. Nikamwambia, Mama, mimi si Mwalimu Mkuu. Mimi si mteja. Niambie kama unavyomwambia fundi mwenzako. Hayo maumivu yamebaki vifungo kweli, au kitambaa hakijaguswa?

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala.

"Hakijaguswa," akasema Mama.

"Ngapi?"

"Tangu alfajiri ni tisa."

"Na Alhamisi? Ulisema sita."

"Ilikuwa nane. Nilipunguza kidogo ili tuanze vizuri."

Sijui niandikeje. Nilitaka kumpiga na kumbusu kwa pamoja. Nikasema Mama kwa nini, utakufa! Kwa sababu ya kisu? Kwa sababu ya ule mfuko wa ubavuni?

Kasema vyote hivyo, ndiyo. Lakini si hivyo tu.

"Nilipotaja nne ulimkumbatia daktari. Jana nilivyosema mbili ukaandika mkononi. Nilikuwa nakuangalia huo uso. Sasa nikuambie tisa, mwanangu, na kifua chako kimejaa maziwa, ningeanzia wapi?"

Kumbe alikuwa ananishonea mimi!

Nikaita Sista kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Mpole akaja. Nikamweleza yote, kitambaa, vifungo, namba, na kwamba jana na mimi nilisema uongo bila kujua. Nilikuwa tayari anigombeze. Aliweka mkono tumboni kwa Mama, mkono ule ule wa taratibu, na Mama akapiga kelele mpaka dirisha likasikia. Tumbo si laini tena. Gumu kama ubao.

Mpole akavuta pumzi. Akasema, Mama, mimi ndiye niliyekutetea usikatwe. Sasa mimi ndiye ninayekuomba ukubali. Hatari ya nusu kaputi iko pale pale, sikufichi. Lakini dawa peke yake haiwezi tena.

Miwani kaja na nguo zake za Jumapili, shati la maua! Kumbe ni mtu. Akaeleza tena, kifupi. Anaweza kukuta kipande kidogo kibaya, akakitoa, akaunga. Anaweza kukuta kikubwa. Anaweza kukuta kikubwa mno. Hakuyapaka maneno asali. Fomu ikaletwa.

Mama akaishika fomu, hakutia sahihi. Akamtazama Miwani mikono.

"Unashona kwa uzi gani?"

"Ziko aina mbili tatu, Mama. Mwingine unayeyuka wenyewe."

"Uzi unayeyuka! Na mteja akirudi kulalamika?"

"Ndani kule hakuna anayerudi kulalamika."

Akagundua alichosema, aibu ikamjaa uso mzima. Mama akacheka — akaumia, akanishika mkono akanifinya, akaendelea kucheka. Mimi pia. Mpole pia, machozi yanamtoka.

"Mishono midogo midogo," Mama akamwambia. "Usinipigie ile ya kukimbia."

"Midogo midogo. Nakuahidi."

"Na huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu msimpe maneno ya mafundi. Mimi na wewe tunajuana. Yeye mwambieni jinsi ilivyo."

"Sawa, Mama."

Ndipo akatia sahihi. Herufi zake zile za kulala, kama anazoandika kwenye risiti. Halafu akavua pete ya kushonea, ile ya chuma ya kidole cha kati — alikuwa nayo muda wote! — akaniwekea kiganjani, pale penye 6, 4, 2. Akasema koti likatwe bega la kushoto liko chini kidogo, Mwalimu anabeba mkoba upande huo. Vipimo viko mbele ya daftari.

Hiyo ndiyo iliyokuwa habari yake ya mwisho kabla ya mlango. Bega la Mwalimu Mkuu.

Nikampigia Kaka Mkubwa.

"Nilisema mnisubiri!"

"Kaka, hiyo ruhusa yako imebaki vifungo?"

Na yeye ni mtoto wa fundi, anajua.

"Mwambie niko njiani."

"Uko njiani kweli?"

"…Navaa viatu," akasema. Na nikasikia, wallahi, nikasikia kiatu kinakanyaga sakafu.

Saa kumi na mbili kasoro. Wameingia saa nane na nusu. Miwani alisema itachukua saa mbili, pengine tatu.

Mume wangu kaja, kamleta Kibonge kunyonya, kaniletea mkate. Nimenyonyesha hapa hapa benchini. Lile jino lipo, limeongezeka urefu! Nimemwambia Kibonge bibi yako akitoka atataka kuliona, ufungue mdomo vizuri, usimwaibishe. Sasa wamekwenda, ubaridi unaingia.

Kitambaa cha Mwalimu ninacho kwenye mfuko. Sijui kwa nini nilikibeba. Nimekifungua kamba. Nimefungua kurasa za mbele, nimeviona vipimo vyake, na mbele ya bega la kushoto Mama kaandika: chini kidogo. Nimechora mstari mmoja wa chaki hapa pajani. Mmoja tu. Umenyooka.

Ninaamini atatoka. Siandiki hivi ili nijifariji, ni hivyo nilivyo, kila asubuhi naamka naamini mvua haitanyeshea nguo nilizoanika. Ila leo naamini huku macho yakiwa wazi. Ni kazi zaidi. Sikujua kwamba ni kazi.

Mlango umefunguka.

Ni Sista, si Miwani. Kavaa zile nguo za kijani, barakoa imeshuka kidevuni. Nimemsoma uso, viatu, mikono. Viatu ni safi. Sijui viatu safi ni habari gani.

"Binti wa yule mama fundi? Usiwe na wasiwasi," kasema. "Bado kidogo. Imebaki kushona tu."

Kushona tu.

"Nenda kantini upate chai," kasema. "Ukirudi tutakuwa tumemaliza."

Nimemwambia hapana, Sista, ahsante. Nitakaa hapa hapa kwenye benchi.